Nishapigwa

Mwalimu Mwachofi anataka picha kumi na mbili
na aya moja ya utangulizi.
"Sura za Vijana na Harakati," aliandika ubaoni,
chaki ikamkatikia kwenye herufi ya k.
Kamera ni ya chuo, twaigawana watu wanne,
zamu yangu Jumanne na Alhamisi,
mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa gunia.

Nilianza Mikindani, kwa Mbeyu.
Nilimkuta kwenye foleni ya mitungi, daftari mkononi:
tarehe, saa, lori la nani, mtungi shilingi ngapi.
Miezi kumi na minne hajaruka siku,
hata siku ya mtihani, hata siku ya kumzika mjomba wake.
"Inua ngumi," nikamwambia,
maana ndivyo nilivyozoea kuona magazetini.
"Ngoja kwanza niandike hili lori."
Nikangoja. Lori likaandikwa.
Kufika hapo nilishasahau habari ya ngumi.

Achola alikuja na gauni alilovaa harusini kwa dadake.
Nikamuuliza, sasa hapo harakati iko wapi?
"Mimi ndiye niliyesimama mbele ya tingatinga
na champali moja, nyingine imenasa matopeni.
Leo nataka kupendeza."
Basi akapendeza.

Msuo wa Ziwa la Ng'ombe alifumba macho
kila nilipobonyeza.
Picha arobaini na moja, macho hakuna.
Moja nimeiacha vivyo hivyo.

Halafu Shee.
Majengo, nyuma ya kinyozi, ukuta wa mawe,
nimemwekea kigoda, hakukalii.
"Mimi nishapigwa," akasema.
Nikacheka. Lugha yetu hii nayo,
kitenzi kimoja kwa pasi, kwa simu, kwa kofi, kwa picha.
Yeye hakucheka.
Usiku ule wa maandamano, kituoni,
walimsimamisha ukutani, kibao cha namba kifuani,
taa machoni, kwanza mbele, kisha ubavu.
"Wala hawakunambia nitabasamu."
Kisha wakampiga kwa ile maana nyingine.

Ndani, mashine ya kinyozi ilinguruma
juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa akilia.
"Nipe hiyo," akasema Shee.
Nikampa, nikamwonyesha kitufe.
Akanisogeza hadi mgongo ukagusa mawe.
"Tulia."
Nikatulia. Mikono sikujua niiweke wapi,
na hilo ndilo nililokuwa nikiwafanyia wenzangu
tangu mwezi wa pili.
Hakuwa na haraka. Alisogea, akarudi nyuma,
akafuta kioo kwa ncha ya shati.
"Siku ile hukushuka," akasema, jicho lingali kwenye kamera.
"Nalikuona dirishani, orofa ya tatu,
umeshika simu, unatupiga."

Kamera ikalia.

Shangazi yangu, aliyefanya kazi studio enzi za filamu,
hadi leo husema picha husafishwa,
kama mchele, kama samaki.
Ilikuwa, asema, unaitia karatasi majini gizani
na mtu anakuja polepole, nywele kwanza,
na huwezi kumharakisha.
Yetu haina filamu. Hakuna cha kutia majini.
Hata hivyo nimekaa nayo siku tisa,
mtu yule ukutani, kola imekunjika upande mmoja,
mdomo wazi kidogo,
kama anayetaka kueleza kwamba mlango ulikuwa umefungwa,
kwamba mamake alificha ufunguo,
kwamba ile video aliituma kwa watu wengi.
Ufunguo ulikuwa mlangoni.

Alhamisi nimezibandika zote kwenye ukumbi.
Chini ya kumi na moja kuna jina na mtaa.
Mwalimu amepita, miwani kwenye paji la uso,
amesimama kwenye ya mwisho.
"Na huyu, yeye harakati yake nini?"

Nimeandika: Picha na Shee Bwanamkuu, Majengo.
Jina la aliyepigwa
nimeliachia nafasi.